Mjumbe Hauawi: Uzaramo, Maji na Njia za Kujua

Wanavyuoni wa Kiislamu wameigawa yakini katika daraja tatu. Ya kwanza ni elimu ya yakini: mtu aambiwa kwamba nyuma ya kilima kuna moto, auona moshi, asadiki. Ya pili ni jicho la yakini: apanda kilima na kuutazama moto kwa macho yake. Ya tatu ni haki ya yakini: aingia motoni na moto ukamuunguza. Wengi waliosoma vyuoni katika mwambao na visiwa vyake waliusikia mfano huu utotoni. Lakini ndani yake mna swali ambalo aghalabu halisemwi. Aliyeingia motoni, nani atamtoa ili aje awaeleze waliobaki nje? Daraja iliyo juu kabisa katika kujua ndiyo iliyo ngumu kabisa kusimuliwa.

Swali hilo liliulizwa kwa damu mwaka 1905 katika nchi ya Uzaramo, iliyo nyuma ya Dar es Salaam, ambayo leo imegawanyika kati ya jiji hilo na wilaya za Mkoa wa Pwani, zikiwamo Kisarawe na sehemu za Kibaha. Mwaka huo watu wa nchi hiyo, pamoja na Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengine wengi wa kusini, walikunywa au kunyunyiziwa maji yaliyosemwa kwamba yangezigeuza risasi za Wadachi ziwe maji. Risasi hazikugeuka. Hesabu ya serikali ya Kijerumani ilitaja watu 75,000 waliokufa kwa vita na njaa. Wanahistoria waliokuja baadaye wametaja idadi kubwa zaidi, hata kukaribia 300,000.

Tangu hapo wafu hao wamebebeshwa hukumu moja ya haraka: kwamba walikuwa wajinga walioamini uchawi mbele ya bunduki. Hukumu hiyo yastahili kupimwa kabla ya kurithishwa, maana anayewahukumu wenzake kwa kuamini bila ushahidi naye ana wajibu wa kuleta wa kwake.

Yaliyosemwa

Habari ya maji ilikuwa na chimbuko lake Ngarambe, katika nchi ya Rufiji, kwa Kinjikitile Ngwale, aliyesemekana kupandwa na pepo Hongo. Mwaka 1904 na mwanzoni mwa 1905 watu walimwendea makundi kwa makundi. Vita vilianza Julai 1905 huko Nandete, Umatumbini, kwa kung'oa miche ya pamba. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, kabla vita havijaenea.

Uzaramo habari hiyo ilifika ikiwa imevaa nguo ya kienyeji. Wazaramo walikuwa wakimjua Kolelo tangu zamani, mwenye pango katika milima ya Uluguru, ambaye watu walimpelekea haja zao za mvua na mavuno. Sasa ilisemwa kwamba Kolelo amekataza kodi isilipwe. Ilisemwa kwamba siku fulani katikati ya Julai yangekuja mafuriko makubwa yawaangamize Wazungu wote na wafuasi wao. Baadaye ikasemwa kwamba ardhi ingefunguka iwameze, kwamba bunduki za askari zingetoa maji tu, na kwamba wangekuja simba saba.

Haya yamejulikanaje? Yametufikia kwa kalamu ya Martin Klamroth, mmisionari wa Kilutheri aliyefanya kazi Uzaramo na kuandika kwa marefu juu ya itikadi za Wazaramo. Wamisionari wa Kijerumani walikuwa na vituo Kisarawe na Maneromango tangu miaka ya 1890. Msomaji aliyezoea elimu ya hadithi atataka hapo jambo moja kabla ya jingine: sanad. Nani alimwambia Klamroth, naye huyo alisikia kwa nani, na kila mmoja alikuwa na sababu gani ya kusema alivyosema? Maimamu wa karne ya tisa, Bukhari miongoni mwao, aliyefariki mwaka 870, walijua kwamba matini nzuri yaweza kubebwa na mpokezi mbovu, na kwamba kumpima mpokezi ni sehemu ya kupima neno. Klamroth alikuwa mtu wa dini nyingine, raia wa dola iliyokuwa vitani, akisikiliza watu ambao baadhi yao walikuwa wanafunzi wake wa ubatizo. Hayo hayamfanyi mwongo. Yanamfanya shahidi anayepaswa kusomwa huku mahali aliposimama pakikumbukwa.

Hata hivyo tuchukue kwamba alisikia sawasawa. Basi ndani ya ushahidi wake mna jambo la ajabu lililopitwa na wengi. Utabiri wa kwanza ulikuwa na tarehe: mafuriko ya katikati ya Julai. Utabiri wenye tarehe umejiweka wenyewe mizanini, kwa kuwa siku ikipita bila maji kufurika kila mtu ataona. Siku ilipita. Na ilipopita, neno halikufa. Liligeuka likawa ardhi itakayofunguka, bunduki zitakazotema maji, na simba. Hizo hazikupewa siku. Kadiri utabiri ulivyoshindwa ndivyo ulivyozidi kuwa mgumu kushindwa.

Mwenye kucheka na asubiri kidogo. Waswahili wana methali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ni busara nzuri ya tahadhari katika kijiji kidogo, ambako moshi aghalabu una moto wake. Lakini ukiitazama kwa jicho la mwenye shaka, ni neno lisiloweza kukosea hata siku moja: likitokea, lilikuwapo, lisipotokea, liko njiani. Kolelo wa mwaka 1905 alisimama juu ya mantiki ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili huitumia barazani bila kuona haya.

Yaliyoonekana

Mbali na yaliyosemwa yalikuwapo yaliyoonekana, na hayo hayakuhitaji mganga. Kodi ya kibanda ilianza mwaka 1898. Tangu mwaka 1902, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, palianzishwa mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya ya Dar es Salaam na nyinginezo za pwani. Watu walitolewa vijijini kulima pamba chini ya majumbe na maakida, na malipo yalipokuja yalikuwa madogo hata ikawa wako waliokataa kuyapokea. Serikali iliyaita mashamba hayo majaribio. Kwa mkulima aliyetolewa shambani kwake wakati wa palizi, matokeo yalikwisha kuonekana ghalani.

Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala aliyoitoa mwaka 1997 juu ya Uzaramo, alielekeza macho kwa mnyama ambaye vitabu vya vita vilikuwa vimemsahau: nguruwe mwitu. Nguruwe akiingia katika shamba la muhogo au mahindi usiku mmoja humaliza kazi ya msimu. Wazaramo walikuwa wakimzuia kwa ulinzi na kwa misako ya nyavu iliyohitaji wanaume wengi. Lakini sheria za uwindaji, zilizoanza kwa amri ya Hermann von Wissmann ya mwaka 1896 na kuongezwa makali baadaye, zilibana uwindaji wa wenyeji. Na wanaume wenyewe walikuwa wakiondoka kutafuta fedha ya kodi au kutumikishwa katika kazi za serikali. Wanawake walibaki na jembe, watoto na nguruwe.

Ukiyaweka hayo pamoja, maji yanaanza kuwa na sura nyingine. Dawa ya kulinda shamba dhidi ya waharibifu, na ya kuita mvua na mavuno, ilikuwa jambo la kawaida katika nchi ile. Mtu aliyeyapokea maji mwaka 1905 hakuwa amerukia jambo geni. Alikuwa ananyoosha mbele mstari ulioanza kwa babu zake: dawa ililinda mbegu, ikalinda mtoto, basi italinda kifua. Mskoti David Hume aliandika katikati ya karne ya kumi na nane kwamba hivyo ndivyo binadamu wote wafanyavyo. Hatuna hoja isiyopingika ya kutuhakikishia kwamba kesho itafanana na jana. Tuna mazoea tu, na mazoea ndiyo yanayotuvusha kutoka tulichokwisha kukiona hadi tusichokiona. Tofauti ya mwenye busara, kwa Hume, ni kwamba huipima imani yake kwa uzito wa ushahidi alio nao.

Na ushahidi uliokuwapo juu ya bunduki haukuwa wa upande mmoja. Bunduki iliyofahamika vijijini kwa miaka mingi ilikuwa gobori, inayoshindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Baruti ya gobori ikilowa haiwaki. Kila mwindaji aliyenyeshewa mvua porini alilijua hilo kwa mkono wake, wala halikuwa uchawi: maji yalikuwa adui wa kweli wa bunduki. Lakini askari wa Kijerumani walikuwa na bunduki zinazotumia risasi zenye ganda la madini, ambamo baruti hukaa kavu. Haiwezekani kusema ni wangapi walioifikiria tofauti hiyo. Yawezekana kusema tu kwamba maarifa sahihi juu ya chombo kimoja yaweza kumpoteza mtu mbele ya chombo kingine kinachofanana nacho.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisimulia katika kitabu alichokiandika juu ya shaka zake kwamba hata macho humdanganya mtu. Kivuli huonekana kimetulia, ilhali kinakwenda kila saa. Nyota huonekana ndogo kama dinari, ilhali hesabu yathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Mtu huyo alitilia shaka hisia, kisha akaitilia shaka hata akili inayozihukumu hisia. Hakusema kwamba macho yaachwe. Alionyesha kwamba jicho peke yake halimalizi kesi.

Moto wenyewe

Uasi ulifika Uzaramo katika miezi iliyofuata Julai 1905. Kibasila, kiongozi wa Kisangire, aliingia vitani, akakamatwa na kunyongwa. Leo jina lake ni jina la shule ya sekondari jijini Dar es Salaam. Pigano lililoonyesha waziwazi zaidi hatima ya maji lilikuwa la mbali, Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, ambako maelfu ya Wapogoro na Wambunga waliiendea boma iliyokuwa na bombomu. Walianguka safu kwa safu.

Hapo ndipo palipokuwa na haki ya yakini. Mtu angetarajia kwamba habari ya siku ile ingetosha. Haikutosha, na sababu yake si ujinga. Maji yalikuwa na masharti: aliyeyapokea ajiepushe na wanawake, asipore mali, asile vyakula kadhaa. Aliyekufa kwa risasi, basi alivunja mwiko. Jibu hili lilipatikana kwa kila maiti, na nani angeweza kulikanusha? Maiti haijitetei.

Mwaka 1906, vita hivyo vikiwa bado havijazimika, kilichapishwa Ufaransa kitabu cha mwanafizikia Pierre Duhem juu ya nadharia za fizikia. Duhem alisema kwamba mtaalamu katika maabara hawezi kamwe kuipima dhana moja ikiwa peke yake. Hupima dhana hiyo pamoja na nyingine nyingi zinazoisindikiza: kwamba chombo ni kizima, kwamba kioo ni safi, kwamba kanuni za mwanga ni sawa. Jaribio likishindwa, maumbile humwambia tu kwamba mahali fulani pana kosa. Hayamwonyeshi ni wapi. Daima anaweza kuiokoa dhana aipendayo kwa kukitupia lawama kioo. Huyo alikuwa anaandika juu ya wanasayansi wa Ulaya, wala hakumtaja mpiganaji yeyote wa Afrika. Lakini mpiganaji aliyesema kwamba mwenzake alivunja mwiko, na mtaalamu aliyesema kwamba kioo kilikuwa kichafu, walifanya tendo moja la akili.

Tena Wadachi nao walikuwa na maji yao. Dhana yao ilikuwa kwamba mwenyeji ni mvivu na kwamba kazi ya lazima ingemfundisha. Pamba ya pamoja ilipotoa mavuno haba, kosa liliwekwa kwa mkulima, au kwa jumbe, au kwa mvua, dhana ikabaki. Vita vilipolipuka, Götzen aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1909, ambamo waganga na ushawishi wao walipewa nafasi kubwa. Maelezo hayo yalikuwa na faida kwa mtawala. Ikiwa watu wameasi kwa sababu ya wachawi, basi hawakuasi kwa sababu ya gavana. Gavana aliyemfuata, Albrecht von Rechenberg, hakuendelea na mashamba yale ya lazima, akaelekea kumwachia mkulima alime kwa faida yake mwenyewe. Serikali ilijifunza, lakini ilijifunza baada ya makumi ya maelfu ya makaburi.

Kwa hiyo pande mbili zilifanana katika jambo moja, ingawa hazikufanana hata kidogo katika haki wala katika nguvu. Kila upande ulikuwa na dhana iliyopewa ngao kabla ya kupelekwa vitani. Mkulima wa Kisarawe aliyejua kwamba nguruwe wanamaliza muhogo na pamba haimlipi, angemwambia nani? Akida alikuwa pale kukusanya kodi, wala hakuwekwa kuleta habari. Na kijana aliyerudi akiwa amejeruhiwa, akasema kwamba risasi ni risasi, angejibiwaje? Angeulizwa amelala wapi jana.

Methali ya Kiswahili yasema: mjumbe hauawi. Watu wengi huichukua kuwa ni methali ya adabu za vita na posa. Ina maana pana kuliko hiyo. Ni kanuni ya elimu. Jamii inayomwua mjumbe, au kumwaibisha, au kumtafutia mwiko aliouvunja, imejitoboa macho yenyewe. Na haitakosa maono, bali itakosa njia ya maono hayo kufika barazani.

Waliokuja kuuliza

Desemba 1956 Julius Nyerere, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameacha kazi ya ualimu katika chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, katika vilima vya Uzaramo, alizungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa. Alivitaja vita vya Maji Maji kuwa ni ushahidi kwamba watu wa Tanganyika hawakukubali kamwe haki ya mgeni kuwatawala. Neno hilo lilikuwa la kisiasa na lilikuwa na haki yake. Baada ya uhuru likawa pia swali la kihistoria.

Katika miaka ya 1960 Gilbert Gwassa alikwenda vijijini kuwauliza wazee walioyaona mambo yale wakiwa vijana au watoto. Yeye na John Iliffe walitoa kitabu kidogo cha kumbukumbu za uasi huo, na mwaka 1968 idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi kusini kukusanya shuhuda. Kazi hiyo ilikuwa tukufu. Kabla yake neno la mwisho lilikuwa la aliyeshika bunduki; sasa aliyeshika jembe aliulizwa, na jibu lake likaandikwa kwa jina lake. Humo ndimo ilimotoka picha ya maji kama kifungo cha umoja: jinsi makabila yasiyokuwa na mfalme mmoja yalivyounganishwa na dawa moja.

Lakini swali nalo hulisha jibu. Waliouliza walikuwa vijana wa taifa changa lililotamani kujua umoja wake ulianzia wapi. Wazee waliojibu walikuwa wameishi miaka zaidi ya sitini baada ya vita, wamesikia redio, wamehudhuria mikutano ya TANU. Mwaka 2000 Sunseri alirudi na shaka nzito zaidi: kwamba dhana ya uasi mmoja uliopangwa, wenye shina moja na matawi mengi, ilitiwa nguvu kwanza na maofisa wa Kijerumani waliotafuta njama, kisha ikarithiwa na wanahistoria wa uhuru waliotafuta umoja. Uzaramo, alisema, ulikuwa na sababu zake, njaa yake, na nguruwe wake. Mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson walihariri mkusanyo wa makala uliokusudia kuondoa ukungu uliovifunika vita hivyo, na humo kila nchi ilitazamwa kwa mazingira yake.

Katika jamii ya ushahidi huu ushairi nao una kiti. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliutunga utenzi wa vita vya Maji Maji, ambao W. H. Whiteley aliuhariri na kuutoa upya mwaka 1957. Mtunzi alivitazama vita kutoka mji wa pwani, na msomaji anapaswa kuujua mlango huo kama anavyopaswa kuujua wa Klamroth. Hakuna shahidi asiye na mlango. Kazi ya mwenye kutafuta ni kuizunguka nyumba yote.

Mtu aweza kukata tamaa hapo akasema: basi hakuna lijulikanalo, kila mtu na yake. Hiyo ndiyo shaka iliyovunda. Shaka nzima haisemi hivyo. Mafaili ya misitu na kodi, kumbukumbu za misheni, kauli za wazee, na utenzi wa Lindi havisemi kitu kimoja, lakini vikibishana vinafuta baadhi ya majibu. Baada ya mabishano hayo haiwezekani tena kusema kwamba watu waliasi bila sababu ila uchawi. Haiwezekani vilevile kusema kwamba wote waliingia kwa nia moja na kwa amri moja. Kujua, mara nyingi, ni kujua kipi hakiwezi tena kusemwa.

Shamba la Kibaha

Mwaka 1963 nchi za Skandinavia pamoja na Finlandi zilianzisha Kibaha mradi uliokuwa na shule ya sekondari, kituo cha afya na kituo cha mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa serikali ya Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Maadui walitajwa kwa majina matatu yaliyojulikana na kila mtoto wa zama hizo: ujinga, maradhi na umaskini. Kibaha pia pana kituo cha utafiti wa kilimo kinachoshughulika na miwa na muhogo, na palikuwa makao ya programu ya taifa ya kupambana na wadudu waharibifu kwa kutumia wadudu wengine.

Habari ya wadudu hao yarudi kwenye swali lilelile la mwaka 1905: dawa ya kulinda shamba, utajuaje kwamba inafanya kazi? Kidudu cheupe chenye unga-unga, kilichotoka Amerika ya Kusini, kilianza kuushambulia muhogo wa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1970, kikafika Tanzania mwaka 1987. Mwaka 1981 huko Paraguai palipatikana nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya kidudu hicho na kukiua. Nyigu huyo alisambazwa nchi nyingi za Afrika, na kazi hiyo ndiyo iliyompatia Hans Rudolf Herren Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Kumwachia nyigu na kisha kuona wadudu wakipungua hakukutosha. Mvua nayo hupunguza wadudu, na aliyetaka kuamini angeamini. Kwa hiyo watafiti wa Afrika Magharibi waliyafunika kwa kitambaa baadhi ya matawi ili nyigu asiyafikie, wakaacha mengine wazi, mvua ileile, ardhi ileile. Palipofunikwa wadudu walizidi mno. Kitambaa kile ndicho kilichokosekana Mahenge: njia ya kuliuliza jambo swali ambalo jibu lake laweza kuwa hapana, na muulizaji akabaki hai kulisikia.

Hata hivyo kitambaa hakimfanyi mtaalamu awe juu ya mkulima. Muhogo wa pwani una maradhi mengine, michirizi ya kahawia, ambayo H. H. Storey aliyaeleza huko Amani katika miaka ya 1930. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi jani huonekana zuri, shina limesimama, na kumbe kiazi chini ya udongo kimeoza kwa madoa makavu ya kahawia. Mwenye kupita njiani husema shamba limestawi. Aliyechimba ndiye anayejua, na aliyechimba ni mkulima. Mtafiti asiyemsikiliza huyo atahesabu majani mabichi na kuandika kwamba mambo ni mema, kama akida alivyoandika zamani.

Neno la Kinjeketile

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa tamthilia yake Kinjeketile. Humo mwenye maji ni mtu anayeteswa na shaka juu ya neno lililotoka kinywani mwake mwenyewe, akiona jinsi watu walivyolichukua wakaenda nalo mbali kuliko yeye. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uwongo, na anakataa, kwa kuwa anajua watakaolitumia neno hilo na watakaloliua kwalo.

Wasomaji wamebishana juu ya kukataa kule. Je, alificha ukweli? Tamthilia yajibu kwa kuonyesha ni nani aliyekuwa akiuliza. Mfungaji hakuuliza ili ajue, alitaka kuungamwa. Ukweli unaodaiwa kwa kamba shingoni haumfikishi mtu kwenye yakini, na kumnyamazia mnyongaji si sawa na kuwanyamazia wenzako. Mjumbe hana deni kwa aliyekusudia kumwua.

Deni lake ni kwa walio nyuma, na wao wana deni kwake. Watu wa Uzaramo wa mwaka 1905 waliyajua mengi kwa macho na kwa mikono: nguruwe, kodi, pamba, njaa. Katika hayo hawakukosea, na mtawala aliyekuwa na karatasi na telegrafu ndiye aliyekosea. Walikosea katika jambo moja, la risasi, na kwa jambo hilo walilipa roho zao kabla ya mtu kupata nafasi ya kurudi na kusikilizwa. Mwenye kuwaita wajinga ajiulize kwanza, katika nyumba yake, katika ofisi yake na katika chama chake, ni nani aliyekuja jana na habari mbaya, na aliulizwa amevunja mwiko gani.